Amplifaya Iliyomeza Urambo

Usiku wa jana niliota nimeingia kwenye duka la vitu vya zamani, nyuma ya stesheni ya Tabora, na mwenye duka ni feni.

Sisemi kwamba alikuwa anauza feni. Yeye mwenyewe alikuwa feni, ile ya kusimama, shingo ndefu, na kichwani amevaa kofia ya viua, ile ya kudariziwa. Jina lake Bwana Pazi, Mzaramo. Nilijua ni Mzaramo kwa sababu kabla sijamaliza kupiga hodi alikuwa ameshaanza kunitukana.

"Karibu, Mnyamwezi! Mzigo uache nje, kichwa ingia nacho."

Mimi ni Mnyamwezi, kabila la wapagazi wa zamani, na Mzaramo ni mtani wangu. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa, unamrudishia tu. Nikamwambia, "Na wewe nani kakupa duka, wakati kwenu mtu akivuna mihogo miwili anacheza ngoma wiki nzima?"

Akafurahi, akazunguka mbio zaidi mpaka kanga yangu ikapepea.

Shida yake ilikuwa moja. Kichwa chake hakitulii. Akinigeukia namsikia, akigeukia ukutani maneno yote yanakwenda ukutani.

"Amplifaya hii ni nzima kabisa, bibi," ananiambia, halafu shingo inazunguka, na kule ukutani anamalizia jambo ambalo silisikii. Ukuta unaguna.

"Umesemaje hapo mwisho?"

"Hapo mwisho wapi?" ananiuliza akirudi, uso mkavu.

Nikaanza kumshuku hapohapo. Lakini sikuondoka, maana nilikuwa na haja yangu.

Haja yenyewe ni hii. Mimi napiga kinanda cha mdomo, kile kidogo cha bati kinachoingia mfukoni. Marehemu mume wangu, fundi wa reli, alikuwa na santuri za Wamarekani weusi, muziki wao unaitwa bluzi. Mtu analalamika kwamba treni imemwacha, analalamika tu, mpaka wewe unayesikiliza unafurahi. Mimi na mdogo wangu Nyamizi tulijifunzia humo. Sasa mjukuu wa Nyamizi anaoa, huko kwao Urambo, na mimi nilitangaza kwamba harusini nitapiga. Nyamizi akanipigia simu, akaniambia, "Dada Kabula, pumzi zimekwisha hizo. Waachie wenye mapafu."

Mwezi wa tatu huu sipokei simu yake. Na nina hakika Urambo nzima ameshaiambia.

Niliwahi kusikia kwamba amplifaya za kizamani, zile zenye taa za kioo tumboni, zinaweza kumchukua bibi mwenye pumzi ya kuzima kibatari tu, zikamfanya asikike mpaka stesheni ya pili. Ndiyo maana hata ndotoni nilikwenda kutafuta moja.

Ilikuwa imekaa juu ya stuli. Imevaa suti ya kitambaa cha kahawia, iliyochanika kidogo kwenye kiwiko, na kifuani ina vifungo vitatu vya kuzungusha. Tukatazamana. Kila mmoja anangoja shikamoo ya mwenziwe.

"Mimi nina miaka sabini," nikasema.

"Mimi sitini na tisa," ikasema amplifaya. "Shikamoo."

"Marahaba."

Lakini moyoni nikajiambia, angalia huyu. Kitu cha kizamani siku zote kinajisifia uzee. Hiki kinachojipunguzia miaka kinaficha nini?

"Mwache apate moto kwanza," akasema Bwana Pazi. "Hawa wa zamani hawaongei wakiwa na baridi."

"Si ameongea sasa hivi?"

"Huo ulikuwa utangulizi."

Basi tukaifunika blanketi, tukaipa kikombe cha tangawizi, tukakaa. Inatetemeka. Pole pole kwenye upenyo wa nyuma naona taa tatu za kioo zinaiva, kwanza rangi ya chai, halafu rangi ya kaa la moto. Na pamoja na ule moto nikaanza kusikia sauti mle ndani, za mbali, nyingi.

"Nani wamo humo?"

"Mvumo tu," akasema Bwana Pazi. "Zote za kizamani zina mvumo."

"Mvumo unabishania bei ya nyanya?"

Akageukia ukutani, akajibu hukohuko.

Nikainuka, nikazunguka nyuma, nikapeleka kidole nichungulie vizuri.

"Usimguse tumboni, bibi! Hata ukimchomoa ukutani, anakaa na umeme siku tatu!"

"Umeme wa nini siku tatu?"

"Wa kinyongo."

Kweli, sijafikisha kidole ikanipiga kibao cha mkono, paa! Halafu ikaniomba radhi kwa adabu sana. "Samahani, bibi. Hicho kilikuwa cha mteja wa mwaka jana."

Nikarudi kitini nikipuliza vidole. Nikauliza inauzwaje.

"Hatuuzi kwa pesa," akasema Bwana Pazi. "Anauzwa kwa vitendawili. Yeye anatega, wewe unategua. Ukivipata viwili, unambeba. Ukishindwa, unatoa mji, kama kawaida."

Nikacheka ndani kwa ndani. Vitendawili ni chakula changu. Na kutoa mji nimetoa tangu sina meno ya mbele. Ukishindwa jibu, mwenzako anakudai, "Nipe mji," nawe unataja mji wowote, asipoupenda anaukataa unataja mwingine, akiupenda anajisifu amefika huko amekula hiki na hiki, halafu ndiyo anakupa jibu. Mwanza mimi nimeitoa mara mia. Dodoma nimeitoa. Ulaya yote nimeshaitoa siku moja jikoni kwa kitendawili cha yai. Na kesho yake kila mji uko palepale ulipokuwa.

"Tega," nikasema.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Watoto wangu watatu hawavai nguo, wakishiba moto ndipo nyumba inaongea."

"Taa zako za kioo hizo. Hicho ni cha watoto wa chekechea."

Bwana Pazi akapiga makofi, sijui kwa mikono ipi, akanipa maiki nijaribu sauti. Maiki ya zamani, mviringo, nzito kama yai la mbuni, na ina joto.

"Mkumbatie na kinanda chako kama unaficha kifaranga. Usiache upenyo."

Nikaificha kama kifaranga. Ikatulia mikononi, ikapumua. Nikaweka kinanda mdomoni, nikapuliza kile kipumzi changu kidogo.

Ee! Ilitoka sauti ambayo si yangu wala si ya mtu. Nene, ina mikwaruzo, kama lori la mchanga linaomba msamaha. Vikombe vikacheza kabatini. Nikaiona harusi nzima ya Urambo imesimama, nikamwona Nyamizi ameshika kiuno hana la kusema. Nikanogewa, nikageuka kuitazama amplifaya usoni nikiwa bado nimeshika maiki.

Ikapiga yowe. "Mwiiiiiizi! Mwiiiiiizi!"

Tukaziba masikio, hata ukuta.

"Usimwelekezee maiki!" Bwana Pazi anapiga kelele. "Geuka! Mpe mgongo!"

Nikageuka. Yowe likakatika.

"Akiisikia sauti yake mwenyewe anadhani kavamiwa," akanieleza. "Ndivyo walivyo. Hajijui."

"Yuko wapi huyo mwizi?" amplifaya inauliza, inahema. "Ameondoka? Mmemwona sura?"

"Ameondoka," tukaiambia.

Nikaliweka hilo akilini. Halafu nikasema tuendelee, maana nilikuwa nimebakiza kitendawili kimoja tu niibebe.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Natoka naingia mlango uleule. Wajinga hupenda kutoka. Wenye kujua, utamu wao uko kwenye kuingia."

Nikafikiri. "Nyuki."

"Siyo."

"Panya."

"Siyo."

"Mume."

"Wako labda," akadakia Bwana Pazi. "Mimi ni mume wa watu, na siyo mimi."

Nikajaribu ufunguo, nikajaribu maji ya kisima, nikajaribu hata mkopeshaji. Siyo, siyo, siyo. Jasho likanitoka.

"Nipe mji," ikasema amplifaya.

Hapa sitawadanganya. Mdomoni nilikuwa na miji mingi. Nilikuwa na Mwanza, ambayo imezoea. Lakini nikamkumbuka Nyamizi na lile neno lake la mapafu, nikasikia utamu kidogo pembeni mwa moyo, nikasema:

"Chukua Urambo."

"Nimeupenda," ikajibu upesi mno. Taa zote tatu zikawaka kwa mpigo. "Nimefika Urambo. Nimekula ugali na mlenda, nimelamba asali, nimelala kwenye kitanda cha Nyamizi. Jibu ni pumzi ya kinanda cha mdomo. Mwenye kujua bluzi anavuta, hapulizi."

Wala sikulisikiliza jibu. Nilikuwa nimebaki palepale kwenye jina.

"Jina la mdogo wangu umelijuaje?"

Bwana Pazi akageukia ukutani, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Nafungua mlango wa duka nitoke, naingia kwenye treni.

Ni treni ya kwenda Kigoma, mchana, imejaa. Mkaguzi ni lile koleo la kutobolea tiketi, limevaa kaki, linatembea kwa miguu yake miwili ya chuma. Linanipigia meno, ta, ta.

"Tiketi."

"Ya Urambo," nikasema, "nakatia humuhumu."

"Ya wapi?"

"Urambo. Baada ya Usoke."

"Baada ya Usoke ni Kaliua, bibi."

"Na katikati?"

"Katikati watu wanasinzia."

Mbele yangu amekaa mama mmoja ana jogoo mapajani. Nikamwuliza, "Mwenzangu, unashuka wapi?"

"Nashuka..." Akamtazama jogoo. Jogoo akatazama dirishani. "Nashuka kwa watu wangu."

"Wanakaa wapi?"

"Walikuwa wanakaa," akasema, na akakaza kanga yake kama mtu aliyeanza kusikia baridi. Halafu akanikazia macho. "Mbona unauliza sana? Kuna kitu unakijua?"

"Mimi? Mimi naenda zangu Kigoma."

Aliendelea kunitazama. Na yule jogoo naye.

Tukapita Usoke. Nikatoa kichwa dirishani. Pale penye Urambo ardhi imekaa safi, inang'aa, kama sinia lililolambwa. Hakuna mti, hakuna bati, hakuna mtu wa kupungia mkono. Treni yenyewe ikapapita kwa kunyata.

Nikarudisha kichwa ndani, nikafunga dirisha. Nyamizi ndiye aliyenifunga kanga siku ya msiba wa mume wangu, mikono yangu ilipokataa kufunga. Nimemtoa kwa kitendawili ambacho hata sikusikia jibu lake.

Nikavuta komeo la dirisha nipige kelele, dirisha likafunguka upande wa pili, nikaangukia dukani.

Bwana Pazi anafagia kwa upepo wake mwenyewe.

"Umerudi, Mnyamwezi? Saa kumi nafunga. Nikifunga, nachomoa."

"Ukichomoa, na waliomo ndani?"

"Waliomo ndani," akasema, na shingo ikaanza kuzunguka kuelekea ukutani. Safari hii sikungoja. Nikajitupa mbio, miaka yangu sabini na viatu vya wazi, nikamwahi kule ukutani, nikayapata maneno yake kabla ukuta haujayapata.

"...wanabaki kimya moja kwa moja," alikuwa anamalizia.

Ukutani kuna saa. Nayo ilikuwa imezibwa na kofia nyingine ya viua. Nikaifunua: saa kumi kasoro robo.

Nikapiga magoti mbele ya amplifaya, nikaweka sikio kwenye kitambaa cha kifuani. Ndani nasikia jogoo, nasikia mnada wa tumbaku, nasikia watoto wa shule wanaimba jedwali la saba. Halafu nikaisikia sauti naijua, ina ukali wa asubuhi zote za utoto wangu.

"Nani huyo anapumua hapo juu? Dada Kabula?"

"Umenijuaje?"

"Upumuaji gani mwingine una filimbi kama huo? Dada, huku kuna mambo. Jua limekuwa matatu. Mekundu! Tena yako karibu, mabati yanalia. Mchicha wangu umejipika shambani. Huko kwenu ni hivihivi?"

"Huku... kuna mawingu."

"Dada."

"Bee."

"Hiyo sauti ndiyo ile uliyokuwa nayo ulipovunja chungu cha mama. Umefanya nini?"

Nikanyanyuka, kwa sababu swali lile halikuwa na jibu la kumpa mtu akiwa kwenye joto. Nikaishika amplifaya mabega.

"Kitendawili!" nikasema.

Ikasita. "Mbona unatega wewe? Zamu yako haijafika."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Nauliza tu. Umeficha nini nyuma ya mgongo?"

"Kinanda."

"Kwa nini umekificha?"

"Kwa sababu unauliza sana. Kitendawili!"

Taa zake zikafifia, zikawaka, zikafifia. Kitu kilichozoea kutega hakiwezi kuvumilia kutotegwa. "Tega," ikasema kwa shingo upande.

"Nina mlinzi hodari. Akiisikia sauti yake mwenyewe, anapiga yowe anaita mwizi. Akinyamaza, ndipo anauliza mwizi alikuwa na sura gani."

"Mbwa," ikasema.

"Siyo."

"Askari wa zamu."

"Siyo."

"Bwana Pazi."

"Mimi sina maiki," akasema Bwana Pazi.

"Mume."

"Tumeshamtaja huyo, siyo."

Saa kumi kasoro dakika nane. Amplifaya imeanza kutoa harufu ya vumbi lililopata moto. Inamtafuta huyo mlinzi kila mahali, inamtafuta mjini na porini, haimtafuti kwenye stuli.

"Nimeshindwa," ikasema mwisho. "Lakini ni kitendawili kibaya. Hakuna mtu kama huyo."

"Nipe mji."

"Chukua Lindi. Ina bahari."

"Siutaki."

"Chukua Bujumbura, nimeipata juzi, haijachakaa."

"Siutaki."

"Chukua mji mmoja wa Ulaya, jina nimelisahau. Una theluji mpya."

"Theluji Tabora nitaipeleka wapi? Siutaki."

"Nusu ya Shinyanga na kuku wote."

"Nasema siutaki! Mila ni mila, sijaridhika. Nipe mji!"

Bwana Pazi alikuwa ameacha kuzunguka. Kwa mara ya kwanza shingo yake imetulia, anatazama upande mmoja tu, na upande wenyewe ni waya wa umeme. Saa kumi kasoro dakika tano.

"Urambo," ikasema amplifaya, kwa sauti ya mtu anayerudisha kijiko cha watu. "Lakini mimi siwezi kutoa kitu kwa mikono. Uvute mwenyewe. Jibu langu si nilikupa?"

"Lipi?"

"Lile la kuingia. Wewe unapuliza, bibi. Tangu umeingia hapa unapuliza tu, kama mtu anayewasha kuni."

"Nimefika Urambo," nikaiambia, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kusemwa. "Nimekula kwa mdogo wangu. Jibu ni wewe."

Sikungoja kuona kama imeelewa. Nikaipa mgongo ili isije ikapiga yowe la mwizi, nikafunika maiki na kinanda kama kifaranga, nikaacha kupuliza. Nikavuta.

Enyi watu. Miaka hamsini ya kinanda, na sikuwahi kujua kwamba huko ndani kwenye kuvuta ndiko wanakolia wale Wamarekani. Kifua kinauma, noti inajipinda, inashuka kama mtu anayeteremka ngazi hana uhakika na ngazi ya mwisho. Na nyuma yangu, kutoka kwenye kitambaa cha kahawia, mji unatoka.

Inatoka reli kwanza, inajikunjua sakafuni. Navuta. Unatoka mnada wa tumbaku na dalali bado amenyoosha kidole. Navuta. Linatoka soko, unatoka msikiti, linatoka kanisa, inatoka shule na watoto wake wamefika saba mara nane. Kila kitu kinatua sakafuni mwa duka kidogo kama punje, na kikitua tu sakafu inakuwa udongo, kinakua, kinakaa. Mama wa treni akashuka hapo na jogoo wake, hakunisalimia.

Nikatua kupumua. Kifua kinapiga filimbi. Naangalia, karibu mji wote uko nje, isipokuwa nyumba moja.

"Dada!" Sauti inatoka ndani ya amplifaya. "Umenibakiza mimi!"

"Najua."

"Umefanya makusudi!"

"Mji niliutoa makusudi," nikamwambia, sina haja ya kumficha tena. "Wewe umebaki kwa bahati mbaya."

Halafu akasema, "Haya tutaongea baadaye. Vuta."

"Sina."

"Huna nini?"

Bwana Pazi ameshika waya. Sijui kwa mikono ipi, lakini ameshika. "Saa kumi, mtani," anasema, na kwa kweli hakuwa na ubaya, alikuwa anafunga duka lake tu.

"Dada Kabula! Usiniache mlangoni!"

Nikavuta. Sikuvuta kwa kifua, kifua kilikuwa kimekwisha. Nilivuta kwa visigino, kwa magoti, kwa ile kanga niliyofungwa siku ya msiba. Noti ikatoka imekwaruzika kama bati linaloburutwa, na nyumba ya Nyamizi ikakwama kwenye kitambaa, ikakwama kwa ukumbi, ikajipinda, ikachomoka na sufuria zake zote, na yeye mwenyewe amesimama kizingitini na mwiko mkononi. Nikaidaka, nikaitua chini harakaharaka hivyohivyo ilivyokuja.

Bwana Pazi akachomoa.

Nikaamka nakohoa. Kumekucha, jua liko kitandani, na simu inalia juu ya kabati. Nikaona jina. Nikakaa nayo mkononi kidogo, nayo inatetemeka kama kitu kinachongoja kupata moto. Halafu nikapokea.

"Leo umepokea!" akasema Nyamizi.

"Nimepokea. Hujambo?"

"Sijambo, shikamoo dada. Sikiliza, sikupigii kwa ugomvi, ule tuuache. Nina swali, na usinicheke."

"Sicheki."

"Mlango wangu wa mbele unatazama wapi?"

"Si unatazama reli?"

"Miaka thelathini na moja unatazama reli! Leo asubuhi nimeufungua nitoe maji, natazama choo cha kina Mzee Lubasi. Jua linaniingilia jikoni. Nimezunguka nyumba mara mbili. Nimewauliza majirani, wao milango yao haina neno. Yangu tu, dada. Nyumba nzima imegeuka, na mwiko wangu nimeamka nao mkononi."

Nikakaza kanga yangu.

"Mbona hushangai?" Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayechungulia pembeni ya pazia. "Dada Kabula. Mbona hata hushangai?"

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamwambia. "Ulisema kweli. Pumzi zilikuwa zimekwisha, nikaitua vibaya."